Mwalimu na Simu Yake: Tujihesabu Kabla ya Kuwalaumu Watoto



Ndugu wasomaji, na hasa walimu wenzangu, leo nataka kusema juu ya jambo lililonigusa mimi kabla ya kumgusa mwingine.

Sisi tuliosoma vyuoni zamani twaukumbuka ubao wa mti, kalamu ya mwanzi na wino. Maalimu alikuandikia, ukasoma mbele yake, akakusahihisha, ndipo ukaruhusiwa kufuta. Leo mwalimu ana simu mfukoni, na ndani yake mna kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyerekodi Qur'ani nzima mwaka 1961. Katika shule za msingi za serikali nako, vishikwambi vilianza kugawiwa mwaka 2016 kwa ajili ya darasa la kwanza. Hizi ni neema, na mwenye kuzikataa zote hakufanya insafu.

Mimi nami nilizipokea. Nilinunua spika ndogo, nikawa naweka kisomo cha Suratu Dhuha, watoto arubaini wakifuatisha kwa pamoja. Sauti zilipaa, wapita njia wakasifu, nami nikapata wasaa wa kupanga madaftari.

Jioni moja simu ikaisha chaji. Nikamwita binti mmoja wa miaka tisa asome peke yake. Akasoma aya mbili, akanyamaza. Kisha akanambia kwa adabu: "Maalimu, weka simu nianze nayo."

Sura ile ina aya 11 tu, nasi tulikuwa nayo kwa wiki sita.

Usiku ule nilitaka kumlaumu mtoto. Lakini nilipojiuliza ni lini mara ya mwisho nilimsikiliza yeye pekee, sikuwa na jibu. Simu ilikuwa imesoma kwa niaba yake, na mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza kwa niaba ya simu.

Tangu hapo, kila baada ya darasa naandika katika daftari majibu ya maswali matatu. Je, chombo hiki leo kimemsaidia mwanafunzi, au kimenipumzisha mimi? Ni watoto gani niliowasikia mmoja mmoja? Na lau kingezimika, wangebaki na nini? Mara moja kwa mwezi namwomba mwalimu mwenzangu aketi nyuma atazame, kwani mtu haoni kisogo chake.

Simu sikuitupa. Sasa naiweka mwanzo wa darasa, wasikie matamshi yaliyo sahihi. Kisha naizima, na kila mtoto husoma mbele yangu, kumi kwa siku. Kazi ni ndefu zaidi, na kelele za kusifiwa zimepungua.

Yule binti alimaliza sura yote mwezi uliofuata. Hapo ndipo niliposikia, kwa mara ya kwanza, kwamba herufi ya haa ya kooni huitamka kama ile nyepesi ya kifuani. Kosa hilo alikuwa nalo siku zote, limefunikwa na sauti ya spika. Sasa twalirekebisha, polepole.

Mwalimu wa hesabu mwenye kishikwambi, na mwalimu wa sayansi mwenye projekta ukutani, nao wajiulize maswali hayo. Chombo humsomea mtoto. Kumsikiliza ni amana yetu, nayo tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.