Uwanja wa Kuku Unaoingilika: Utangulizi

Fundi akiitwa mjini kujenga banda la kuku, huuliza mambo mawili: kuku wangapi, na fedha ipo kiasi gani. Nani atakayeingia kufagia, hilo haliulizwi. Ndiyo maana ukipita nyuma ya nyumba za Mbagala, Kihonda au Nyegezi unakuta vibanda vya mbao na wavu vinavyomfika mtu kiunoni, vyenye kijimlango cha kupitisha mkono na sahani ya pumba, na kule ndani kwenye kona mbolea ya miezi imeganda, haifikiwi na fagio wala koleo. Aliyelipia ni baba mwenye nyumba. Anayepiga magoti ni mama, au mtoto anayetumwa kuokota mayai kabla hajaenda shule.

Utangulizi huu unamkaribisha msomaji kwenye elimu ya makazi ya kuku, na nimeuegemeza kwenye jengo moja tu: uwanja wa wavu ulioungana na banda la kulala, ambao mtu mzima anaingia akiwa amesimama wima. Hoja yangu nayo ni moja, na wapo wenzangu wanaoiona ndogo mno kuitwa hoja. Kipimo cha kwanza cha uwanja wa kuku ni kimo cha mtu anayeuhudumia. Banda lisiloingilika halifagiliki, na kuku wa banda lisilofagiliwa ndio wanaotupangisha foleni kwenye maduka ya dawa za mifugo.

Wanafunzi wengi huingia fani hii kupitia mlango wa ujenzi. Wanataka vipimo, idadi ya mabati, bei ya wavu. Vipimo vitakuja. Lakini anayeanza na vipimo hujenga stoo, kisha akashangaa kwa nini waliohifadhiwa humo wanang'oana manyoya. Ni afadhali kuanza na kuku mwenyewe.

Kuku wetu wote wametokana na kuku wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki, ndege wa vichakani anayepekua majani makavu chini ya miti mchana na kupanda juu ya tawi jua likizama. Alitufikia kwa safari ndefu. Mifupa iliyochimbuliwa kwenye miji ya kale ya pwani yetu inaonyesha kwamba kufikia karne ya 7 na ya 8 kuku walikwisha kuwapo. Karne zote hizo za kuishi na binadamu hazikumtoa kichaka moyoni. Mwaka 1989 Marian Stamp Dawkins wa Oxford alichapisha hesabu ya namna kuku wa porini walioachwa huru kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, walivyotumia muda wao. Walikuwa wanalishwa, hawakuwa na njaa. Hata hivyo, katika zaidi ya nusu ya dakika alizowatazama walikuwa wakidonoa ardhi. Kwa hiyo uwanja usio na kitu cha kupekua ni gereza hata ukiwa mpana, na mjenzi anayemwaga zege uwanja mzima ili "pawe pasafi" amemnyang'anya kuku kazi yake ya siku nzima. Saruji ina mahali pake, ndani ya banda la kulala. Nje acha udongo, mwagia maranda au pumba za mpunga, tupia majani makavu, na kuku watakugeuzia wenyewe.

Kisha kuna kuoga vumbi. Msomaji ambaye hajawahi kuketi akatazama jambo hili naomba alitafutie mchana mmoja. Kuku anachagua mahali pakavu, anaparura, anadonoa kidogo, halafu anajilaza ubavu. Anajivutia vumbi kwa mdomo hadi kifuani, anatikisa mabawa kwa kasi mpaka vumbi linapenya kati ya manyoya na ngozi, anasugua kichwa chini, anageuka ubavu wa pili. Baada ya takriban nusu saa anasimama, anajikung'uta mara moja, na wingu zima linamtoka. Hurudia hivyo karibu kila siku ya pili. Vumbi linaondoa mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na kusumbua wadudu. Kuku wa kwenye vizimba vya waya, asiye na chembe ya mchanga, hujilaza vilevile juu ya waya mtupu na kupitia miondoko yote, hewa tupu. Columella, Mrumi aliyeandika kuhusu kilimo katika karne ya 1, aliagiza vumbi kavu na majivu viwekwe mahali penye paa ili kuku waoge. Bibi zetu wanaomwaga majivu ya jikoni kwenye kona ya banda hawakumsoma, wala hawakuhitaji. Katika uwanja wetu, basi, kona moja iwe chini ya bati lisilovuja, yenye mchanga na majivu, mwaka mzima, masika hata kiangazi.

Sitakaa sana kwenye historia ya sheria, ingawa mwanafunzi atakutana nayo kila kitabu atakachofungua. Mwaka 1964 Ruth Harrison alichapisha nchini Uingereza kitabu kilichofichua maisha ya wanyama kwenye ufugaji wa kiwanda, na mwaka uliofuata kamati ya Brambell ikasema mnyama wa kufugwa anastahili angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kujinyoosha. Umoja wa Ulaya ukatoa agizo mwaka 1999, na kuanzia Januari 2012 vizimba vitupu vya kuku wa mayai vikapigwa marufuku huko. Ni historia ya kumtoa kuku kwenye kizimba. Sisi tunatembea upande mwingine wa barabara hiyo: kuku wetu wa kienyeji alikuwa na kijiji kizima, sasa mji unambana, jirani analalamika kuhusu mchicha wake, bodaboda hazina huruma, na tunapaswa kumfungia bila kumgeuza mfungwa. Maswali ya Ulaya yanatufaa, majibu yake si lazima.

Chukua suala la nafasi. Ulaya, ili mayai yauzwe kwa jina la kuku huria, kila kuku awe na mita 4 za mraba za nje. Nyuma ya nyumba ya kupanga Dar es Salaam hizo hazipatikani. Ninachofundisha ni mita 1 ya mraba ya uwanja kwa kila kuku kuwa ndiyo chini kabisa, na ndani ya banda la kulala wasizidi 4 kwa mita moja ya mraba. Kuku 12 wanapata uwanja wa mita 3 kwa 5 na wanabakiwa na ziada kidogo. Ziada hiyo ina kazi. Tangu Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe alipoandika mwaka 1921 kuhusu ngazi za ubabe kati ya kuku, nani anamdonoa nani na nani anampisha nani, tunajua kwamba mnyonge huishi kwa kukimbia. Uwanja usiwe na kona ya kumbana. Weka vilishio viwili mbalimbali, si kimoja kikubwa, na ubao wa kujificha nyuma yake. Fito za kulalia ziwe na sentimita 20 kwa kila kuku na ziwe usawa mmoja, maana ukipanga ngazi kila jioni kutakuwa na vita ya fito ya juu.

Kimo cha kuku nacho kinatofautiana. Kati ya kuku wetu wa kienyeji, Kuchi dume anasimama wima, shingo ndefu, na atagonga kichwa pale Ching'wekwe anapopita bila kuinama. Fani yetu ina mwelekeo wa kuandika "kuku" kana kwamba ni mmoja.

Sasa wavu. Ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita tunaouita wavu wa kuku ulibuniwa Norwich, Uingereza, mwaka 1844 na Charles Barnard, kwa mashine iliyoigwa kutoka mitambo ya kufumia nguo. Asili hiyo inaeleza udhaifu wake: ni kitambaa cha waya. Unamzuia kuku asitoke. Kumzuia mwingine asiingie ni habari nyingine, kwa sababu mbwa anauchana, kicheche anapata upenyo, na panya anapita kwenye tundu bila kuaga. Wavu uliochomelewa wa tundu la nusu inchi ni ghali zaidi, kwa hiyo ushauri wangu ni wa mtu asiye na fedha za kumwaga: uzungushe huo chini, mpaka mita 1 kutoka ardhini, na juu yake malizia na ule mwepesi. Kisha kunja kipande cha sentimita 40 hivi kilale juu ya ardhi kuelekea nje, ukifukie kwa udongo na mawe. Mnyama anayechimba huanzia mguuni pa ukuta. Akikuta waya chini ya kucha zake hana akili ya kurudi nyuma nusu mita.

Juu pasisahaulike. Mwewe ni adui wetu wa siku zote, lakini pwani tunaye pia kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, na tangu hapo anasafisha na vifaranga vyetu. Uwanja usiofunikwa juu, Dar es Salaam, haumfikishi kifaranga ukubwani.

Paa lenyewe liwe na bati upande mmoja na wavu upande mwingine. Joto la mwili wa kuku ni karibu nyuzi 41 na hana tezi za jasho. Ukimwona anahema mdomo wazi na mabawa ameyaachia, ameshaelemewa. Jengo lilale mashariki hadi magharibi kwa urefu wake, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige ubavu mfupi. Maji ya mvua yapelekwe mbali. Unyevu ndio unaowapa nguvu vijidudu vya koksidiosi, ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza vifaranga: mayai yake yakishatoka na kinyesi yanahitaji joto, hewa na unyevu kwa siku moja au mbili ili yawe tayari kuambukiza. Matandiko makavu yanayogeuzwa yanakatiza safari hiyo. Dimbwi pembeni ya uwanja linazaa mbu, na mbu hueneza ndui ya kuku.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye kimo, maana karibu kila nililotaja hufanywa na mtu aliye ndani. Matandiko yanageuzwa kwa reki, na reki ina mpini mrefu. Papasi wanaonyonya kuku usiku hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na chini ya fito, na huwaoni mpaka uingize kichwa na tochi. Kinyesi chenye damu unakiona ukiwa umesimama juu yake. Chanjo ya kideri aina ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, kuku mmoja mmoja, mkononi. Aliyewahi kufukuza kuku 12 ndani ya kibanda cha kiunoni ili awachanje anajua kwa nini wengi huchanja mara moja tu, kisha basi. Mita 2 upande wa chini wa paa na mita 2.3 upande wa juu zinamtosha mtu mwenye ndoo kichwani kuteremsha mzigo wake bila kugonga boriti.

Mlango uwe na upana wa sentimita 80, toroli ipite. Mafundi hupenda ufunguke kwa nje. Mimi nataka ufunguke kwa ndani: mtu mwenye maji mikono miwili anausukuma kwa nyonga, kuku waliongojea mlangoni wanarudi nyuma, hakuna anayechoropoka. Pingamizi lao ni kwamba maranda yatauzuia, na ni pingamizi la kweli, kwa hiyo mlango uanzie juu ya kizingiti cha sentimita 20. Komeo liwe la kufunguka pande zote mbili. Mtoto akijifungia ndani asubuhi ya shule, mtajua umuhimu wake. Na pembeni ya mlango ziwekwe ndara za bandani zisizokanyaga kwingine, kwa sababu kideri na mafua ya ndege husafiri kwenye nyayo.

Sura zinazofuata zinashughulikia kila moja ya mada hizi kwa urefu: hewa, mwanga, matandiko, viota, magonjwa, gharama. Hazihitaji kusomwa kwa mpangilio. Mwenye kuku tayari aanze na ya matandiko; asiye nao bado aanze na ya magonjwa, akapate chanjo kwa ofisa mifugo wa kata yake kabla hajaleta kuku wa kwanza. Na atakayekwenda moja kwa moja kwenye sura ya gharama, kama nijuavyo wengi watafanya, namwomba hili: fedha zikipungua, punguza urefu wa uwanja, punguza upana, punguza idadi ya kuku. Kimo usikiguse.