Unga gani utamfikisha mtoto hadi saa sita?

Katika mkutano wetu uliopita swali moja lilirudi mara tatu: ule unga wa protini wa makopo, unaopangwa kwenye farmasi na maduka makubwa, tuununue kwa ajili ya uji wa asubuhi ao tuache? Wengine walisema ni kutupa feza. Wengine walisema mtoto akiutumia hasinzii tena darasani. Tuliahidi kujibu humu gazetini, na tunaanza kwa kukubali kosa letu wenyewe.

Sisi walimu ndio tulioleta neno hilo. Katika darasa letu la mwaka wa nne, hapa Bukavu, kulikuwa na mvulana aliyelaza kichwa juu ya meza kila siku kabla ya rekreasio ya saa nne. Tukamwita mama yake. Tukasikia kwamba asubuhi mtoto anakunywa chai ya rangi yenye sukari na andazi moja, na siku ambazo mambo ni magumu, chai peke yake. Tukamwambia kwa ile sauti ya mwalimu anayejua: “Mama, mtoto anakosa protini.” Tukaishia hapo.

Mama huyo hakuuliza zaidi, maana mwalimu amesema. Alikopa kwenye MUSO, akanunua kopo kubwa lenye picha ya kijana anayeruka na maandishi ya nguvu na afya. Baada ya wiki mbili akaja nalo shuleni likiwa karibu tupu, na mtoto bado analala. Tuligeuza kopo, tukasoma upande wa nyuma, pale ambapo maandishi ni madogo. Katika kila gramu 100 za unga, protini ilikuwa gramu 6. Sukari ilipita gramu 70. Mama alikuwa amekopa feza ya watu ili anunue sukari yenye rangi ya kakao, na deni lile lilimchukua miezi mitatu kulimaliza. Hakutulaumu. Tungependa kama angetulaumu kidogo.

Kwa hiyo jambo la kwanza: usisome mbele ya kopo, soma nyuma. Kuna jedwali lenye safu ya “pour 100 g”. Tafuta mstari wa “protéines”. Unga wa protini wa kweli, ule unaotolewa katika maziwa, una gramu 70 hadi 80 hivi. Maziwa ya unga yenye mafuta yake yana karibu 26, na yaliyotolewa mafuta yana karibu 35. Ukikuta 6 ao 8, hicho ni kinywaji cha sukari, hata picha iwe ya namna gani. Tena angalia orodha ya vitu vilivyotiwa ndani: kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vingine. Kama “sucre” ndiyo inaongoza, rudisha kopo mahali pake. Na kuna makopo ya watu wanaotaka kunenepa kwa michezo. Hayo nayo yana protini kidogo na wanga mwingi, na bei yake inaumiza.

Lakini tuseme umepata kopo la kweli. Je, linafaa kwa mfuko wetu? Hapa tufanye hesabu, na kila mmoja aweke bei za soko lake, maana bei zinabadilika kila wiki. Tuchukue mfano: kopo la gramu 900 kwa dola 40, lenye vipimo 30, na kila kipimo kina protini gramu 22. Jumla ni gramu 660. Gawanya kwa 40: kila dola moja inakuletea gramu 16 na nusu za protini. Sasa chukua kilo moja ya soya kavu. Ndani yake kuna protini karibu gramu 360. Tuseme umelipa dola moja na nusu, ukaongeza nusu dola kwa makala na kusaga. Kila dola imekuletea gramu 180. Hata kama kwenu soya inauzwa mara mbili ya hapo, bado iko mbele sana.

Hatusemi kwamba kopo ni baya. Mzee asiyeweza kutafuna, ao mgonjwa ambaye daktari amemwandikia, huyo ni jambo lingine. Tunasema tu kwamba kwa mtoto mwenye meno na tumbo zima, soya ya Kadutu inafanya kazi ileile.

Kuna dada waliotuuliza kwa nini tusitumie mahindi peke yake, ao muhogo ambao kila nyumba inao. Unga wa muhogo hauna hata gramu 2 za protini katika gramu 100. Unashibisha mara moja, na saa nne njaa imerudi. Mahindi yana gramu 8 ao 9, lakini protini yake ina upungufu wa sehemu moja inayoitwa lizini, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Soya inayo kwa wingi. Na kile kinachopunguka katika soya, mahindi na mtama vinacho. Ndiyo maana wamama wa Kivu wanachanganya vyote vitatu na kuita masoso: mahindi, soya, sorgo.

Kipimo chetu ni vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama na kimoja cha soya. Gramu 100 za mchanganyiko huo zina protini karibu gramu 16. Vijiko vinne vya mezani vilivyojaa, yaani karibu gramu 60, vinatoa sahani moja ya uji yenye protini gramu 9 ao 10. Mtoto wa miaka 9 hadi 13 anahesabiwa kuhitaji gramu 34 hivi kwa siku. Amepata zaidi ya robo kabla ya kuvaa viatu.

Sasa tuongee juu ya kosa la pili, na hili lilitutia haya zaidi. Tulipoanza kutengeneza unga wetu pamoja, mama kumi na wawili kwa feza za kundi, tulikuwa na haraka. Tulikaranga soya juu juu, ikabadilika rangi kidogo tu, tukapeleka kwenye kinu. Siku ya tatu watoto wengi walikuwa wanaharisha, na wamama wanne wakatoka katika kundi wakisema soya ni chakula cha ng'ombe. Walikuwa na sababu ya kukasirika. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuvunja protini, na ni moto wa kutosha peke yake unaokiondoa. Soya isiyoiva inasumbua tumbo, na protini uliyolipia mwili hauifaidi yote.

Tangu siku ile tunafanya hivi. Tunachagua soya, tunatoa mawe na zilizooza. Tunachemsha maji kwanza, yakitokota ndipo tunatia soya, dakika 30 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Tunamwaga maji, tunasugua kwa mikono katika maji baridi mpaka maganda yatoke, tunaanika. Ikiisha kukauka tunaikaranga kwa moto mdogo, tunageuza bila kuacha, hadi iwe rangi ya dhahabu na harufu yake iwe kama ya karanga. Vunja punje moja: ndani isiwe na harufu ya jani bichi. Kuchemsha kunakula makala, ni kweli, ndiyo maana inafaa kufanya pamoja kwenye sufuria moja kubwa.

Usisage soya peke yake. Ina mafuta mengi, inanata katika kinu na mwenye kinu atakugombeza. Ichanganye na mahindi na mtama kwanza. Na umwombe mwenye kinu apitishe mahindi kidogo mbele ya yako, kama aliyetangulia amesaga pilipili. (Tuliisahau siku moja. Watoto wetu bado wanatucheka.) Kwa sababu ya yale mafuta, unga huu haukai sana: saga wa wiki mbili ao tatu, uweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Ukianza kunuka mafuta ya zamani, usimpe mtoto.

Asubuhi koroga unga katika maji baridi, umimine katika maji yanayochemka, uache utokote dakika 15. Uji uwe mzito, ushike kwenye kijiko. Uji mwepesi kama maji unajaza tumbo bila kulisha.

Asiyependa soya atie karanga zilizosagwa, kijiko kimoja ao viwili. Karanga zina gramu 25 hivi za protini katika gramu 100. Hapa uchague kwa macho: karanga iliyoota ukungu, iliyosinyaa ao kuwa nyeusi, itupe, maana sumu ya ukungu huo haiishi kwa kukaranga. Na wenye kupenda samaki wanaweza kusaga sambaza waliokauka vizuri. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kijiko kimoja kinatosha. Kwetu watoto walikataa harufu katika uji wenye sukari, lakini katika uji wa chumvi walimaliza.

Mtoto asiyefika miezi sita anyonye tu. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kuongeza protini yoyote, ya kopo ao ya soya. Na ukiona miguu ya mtoto inavimba, nywele zinabadilika rangi, hataki kucheza, hiyo bwaki ambayo bibi zetu waliijua, usikae nyumbani ukipika masoso. Mpeleke kwenye kituo cha afya siku ileile.

Yule mvulana naye alipelekwa, baada ya sisi kuacha kujifanya wanganga. Walimkuta na malaria na minyoo. Alitibiwa, na mama yake akaingia katika kundi letu la unga. Ndiye anayeshika saa wakati wa kuchemsha. Mtoto sasa anakaa ameinua kichwa mpaka saa sita, anaongea sana, na juzi tulilazimika kumhamisha kiti.

Tutachemsha tena Jumamosi hii, saa mbili asubuhi. Atakayekuja alete kilo moja ya soya iliyochaguliwa, mahindi kilo mbili, mtama kilo moja, na makala kidogo. Wale wamama wanne waliotoka, nafasi yao iko.