Gugu karoti na kishona nguo: jinsi ya kuyatofautisha

Katika mashamba na kando ya barabara za Afrika Mashariki huota mimea mingi ya jamii ya alizeti yenye maua madogo meupe. Baadhi huliwa, na mingine hudhuru watu na mifugo.

Mmea unaohofiwa zaidi ni gugu karoti, lenye asili ya Amerika ya kitropiki, lililotambuliwa mkoani Arusha, Tanzania, mwaka 2010. Likigusa ngozi huweza kuleta vipele, chavua yake huchochea pumu, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Kishona nguo, kwa upande wake, hutoa majani machanga yanayopikwa kama mboga.

Tofauti ya kwanza ni majani. Ya gugu karoti yamechanika kama ya karoti, na hupishana kwenye shina. Ya kishona nguo huota mawili mawili yakielekeana, yakiwa na kingo zenye meno.

Pili ni ua. La gugu karoti ni dogo, jeupe lote, lenye pembe tano. La kishona nguo lina kitovu cha manjano.

Tatu ni mbegu. Za kishona nguo ni nyeusi, mfano wa sindano, na hunasa nguoni. Za gugu karoti ni ndogo mno. Mche mmoja huweza kutoa zaidi ya 15,000, zikasafiri kwa maji, magari na nafaka.

Ndiyo maana wataalamu wa kilimo hushauri ling'olewe kabla halijachanua, kwa mikono iliyovaa glavu.