Kupima Umeme wa Ubongo Nyumbani
Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho daktari Mjerumani Hans Berger alikitumia kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, hunasa mawimbi kupitia elektrodi, yaani visahani vidogo vya chuma vinavyobandikwa kichwani. Lakini kwa kuwa kipimo cha kawaida hospitalini huchukua takribani nusu saa, dalili za kifafa huweza kukosekana. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huvalishwa kinasa mawimbi kiunoni na kurudi nyumbani kwa siku moja hadi tatu, huku jamaa wakiandika saa ya kila tukio. Kwa familia za Meru na Embu, zilizo mbali na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu, ambao wengi wako Nairobi, video ya simu inayoonyesha kifafa kikimshika mgonjwa ni ushahidi wa thamani kubwa kwa daktari.