Kuzaana kwa Nasibu na Uwiano wa Jenotaipu

Miongoni mwa fasiri za baiolojia tulizoletewa tuzihakiki, imo moja iliyoeleza kwamba hesabu ya jenotaipu hufaa kwa jamii ya watu "wanaozaana ovyo". Mfasiri alikusudia watu wanaooana bila kuchaguana kwa kuzingatia jeni inayohusika. Lakini ovyo ni neno la lawama, na makala yenyewe ilihusu selimundu. Mzazi wa mtoto mgonjwa angeisomaje? Sisi tunapendekeza "kuzaana kwa nasibu", kwani nasibu ni bahati tu, haimlaumu mtu.

Hesabu hiyo, waliyoitoa Hardy wa Uingereza na Weinberg wa Ujerumani mwaka 1908, kila mmoja peke yake, ni nyepesi. Mtu hurithi aleli mbili za jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Jozi hiyo ndiyo jenotaipu yake. Tuseme, kwa mfano, katika kila aleli 10, aleli 9 ni za kawaida (A) na 1 ni ya selimundu (S). Uwiano wa AA utakuwa 0.9 × 0.9, yaani 0.81, wa SS 0.1 × 0.1, yaani 0.01. AS hupatikana kwa njia mbili, S ikitoka kwa baba au kwa mama. Kwa hiyo ni 2 × 0.9 × 0.1, yaani 0.18. Wanafunzi wengi huisahau hiyo 2, na jumla yao haifiki 1.

Basi katika watoto wachanga 100 hutarajiwa mgonjwa 1 na wabebaji 18. Mfasiri akiwaita wote "wenye selimundu", amewaongeza wagonjwa 18 wasiokuwapo. Kwa kawaida wabebaji ni wazima, tena wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Allison mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki. Tumetaja watoto wachanga kwa makusudi: malaria huwapunguza wenye AA, selimundu huwapunguza wenye SS, na uwiano wa watu wazima huachana na hesabu.

Kuhusu "uwiano", wako wanaopenda "masafa". Hayo tuwaachie mafundi wa redio. "Marudio" yanakaribia zaidi, ila katika takwimu hutaja idadi, 18, ilhali hapa tunataka sehemu ya jumla, 0.18.