Mwamba Kavuka Mtaa, Gunia la Maharage Likaondoka

Tarehe 1 Julai 2024 nilikuwa nyumbani Kibondo, likizo ya mwaka wa kwanza, nasubiri kwenda Kasulu kwa mazoezi ya kufundisha. Siku hiyo Yanga walimtangaza Clatous Chama. Kwa msomaji asiyefuatilia mpira (wapo, mmoja nimekaa naye chumba kimoja mwaka mzima), Chama ni Mzambia aliyekuja Simba mwaka 2018, akauzwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarudi Simba Januari 2022. Mashabiki wa Msimbazi walimwita Mwamba wa Lusaka. Sasa mwamba kashika jezi ya kijani na njano, anacheka.

Mjomba wangu ni Simba tangu hajaoa. Wiki mbili kabla ya hapo alisikia kwenye redio moja kwamba "kwa mujibu wa vyanzo vya uhakika" Chama keshamalizana na Simba, bado kutangazwa tu. Pale kijiweni kwenye pikipiki jirani yake, Yanga wa kulialia, akasema huyo anakuja kwetu. Wakabishana mpaka wakawekeana dau: gunia la maharage. Msimu wa mavuno, magunia yapo ndani, mtu anajiona tajiri. Kumbe maharage yale mke wake alishayapigia hesabu ya sare na madaftari ya watoto wawili wanaoanza muhula.

Jioni ya tarehe 1 jirani alikuja na toroli. Hakusema neno, alisimama tu mlangoni. Mjomba alimtolea gunia. Mke wake alikuwa jikoni, na ninavyomfahamu, ningependa kutoyaandika hapa aliyoyasema.

Kilichonishangaza ni kwamba mjomba hakumkasirikia mtangazaji. Alimkasirikia Chama. "Katusaliti mwanangu. Simba wamemlea, halafu Yanga wamemwiba." Nikamuuliza, wamemwibaje? Hakuwa na jibu. Na mimi, nikisema ukweli, sikuwa nalo pia. Nikaanza kusoma kanuni, na makala hii ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na hili la kuiba. Mkataba wa Chama na Simba uliisha mwishoni mwa Juni 2024. Mkataba ukiisha, mchezaji ni huru. Klabu mpya haiidaiwi hata senti na klabu ya zamani. Halafu kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ambazo na sisi tunazifuata, zinasema mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo kwenye mkataba wake anaruhusiwa kusaini mkataba na klabu nyingine. Klabu inayomtaka inatakiwa kuiandikia barua klabu yake kabla ya kuanza mazungumzo. Maana yake ni kwamba kuanzia Januari mchezaji kama huyo anaweza kuwa anazungumza na watu kihalali kabisa, huku Jumamosi anafunga bao na kubusu nembo. Hapo hamna usaliti wala wizi. Kuna karatasi yenye tarehe.

Sasa hiyo miezi sita ndiyo shamba la tetesi. Meneja wa mchezaji anataka klabu yake iongeze dau, kwa hiyo anamnong'oneza mtangazaji kwamba kuna ofa kubwa imekuja. Kiongozi wa klabu anataka mashabiki wasimlaumu baadaye, naye ananong'oneza kwamba mchezaji anataka hela nyingi mno. Mtangazaji ana saa mbili za kipindi na mpira umesimama, ligi imeisha. Wote watatu wamepata walichotaka. Anayebaki na hasara ni yule wa mwisho kwenye mnyororo, aliyekaa Kibondo na gunia lake. Sisemi kwamba watangazaji ni waongo. Mara nyingi walichosema kilikuwa kweli saa ile walipoambiwa, ila aliyewaambia alikuwa na kazi yake.

Kwetu kuna tatizo la ziada, umbali. Gazeti la Mwanaspoti likifika Kibondo mara nyingi ni la jana. Redio ndiyo inayotuunganisha na Dar, pamoja na simu zinapokuwa na bando. Kwa hiyo habari inatufikia ikiwa imeshapitia midomo mitatu minne, na kila mdomo umeongeza chumvi. Mtangazaji anasema "huenda". Anayesikiliza akiwa anaendesha bodaboda anafika kijiweni, "huenda" imeshadondoka barabarani.

Kisa kilichonifundisha zaidi kuliko cha Chama ni cha Feisal Salum, Fei Toto. Huyu alitoka JKU ya Zanzibar kwenda Yanga mwaka 2018. Desemba 2022 akaaga. Akaingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, akisema mkataba wake una kipengele kinachomruhusu kuuvunja kwa kulipa: milioni 100 za kuvunja na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakazirudisha hela na kusema bado ni mchezaji wao. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulika na sheria na hadhi za wachezaji ikaamua kuwa ni kweli, bado ni wa Yanga. Akaomba mapitio, yakagonga mwamba. Mambo yalivyokwisha ni kwamba Juni 2023 Rais Samia aliwaita Yanga Ikulu kuwapongeza kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na hapohapo akawaambia wamalizane na kijana. Baada ya siku chache Fei alikuwa mchezaji wa Azam. Msimu uliofuata akafunga mabao 19 kwenye ligi, mawili tu nyuma ya Aziz Ki wa Yanga aliyeibuka mfungaji bora.

Mimi ni Yanga, niseme wazi. Ile miezi sita nilimtukana Fei kwa nguvu zangu zote, kwenye bweni la sekondari na nyumbani. Ukiniuliza leo nilikuwa najua nini kuhusu mkataba wake, jibu ni sifuri. Nilijua mambo mawili niliyoyasikia: kwamba ni mtoto mkorofi aliyedanganywa na wajanja, au kwamba ni mtumwa aliyekuwa akila ugali na sukari kambini. Hadithi hizi mbili zilizunguka nchi nzima. Ukiwa Yanga ulichukua ya kwanza, ukiwa Simba ukachukua ya pili, na ugali na sukari ukawa utani wa taifa. Swali lenyewe lilikuwa dogo na la kuchosha, ndiyo maana halikuuzika: je, kipengele cha kuvunja mkataba kinamruhusu mchezaji kulipa na kuondoka peke yake, au lazima klabu ikubali? Kanuni ziko wazi kwamba anayevunja mkataba bila sababu ya msingi analipa fidia, na ikiwa bado yuko kwenye kipindi cha ulinzi anaweza na kufungiwa. Lakini pale fidia imeshaandikwa ndani ya mkataba wenyewe, mabishano yanakuwa juu ya maneno ya ule mkataba. Ule mkataba sisi hatukuusoma. Tulikuwa tunagombana juu ya karatasi ambayo hatujawahi kuiona.

Kabla yake kulikuwa na Bernard Morrison, Mghana aliyeifunga Simba bao pekee Machi 2020 akiwa Yanga, kisha Agosti mwaka huohuo akatangazwa Simba. Yanga walisema kaongeza mkataba, yeye akasema hapana. Kamati ya TFF ikaona mkataba una kasoro, Yanga wakaenda mpaka mahakama ya usuluhishi wa michezo kule Uswisi, na Novemba 2021 Morrison akashinda. Kufikia hapo watu walishasahau walichokuwa wanabishania. Mwaka 2022 akarudi Yanga, na waliomwita mwizi wakamwimbia. Hata wasemaji wanahama bana: Haji Manara aliyekuwa sauti ya Simba alihamia Yanga mwaka 2021.

Wenzetu Marekani wana jambo gumu zaidi. Kule kwenye besiboli klabu zinabadilishana wachezaji, na kwa kawaida mchezaji haulizwi. Anaambiwa tu kesho unaripoti mji mwingine. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis Cardinals aliambiwa anapelekwa Philadelphia. Akakataa. Alipeleka kesi mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa, akashindwa mwaka 1972, na mpira wake ukawa umeisha. Nilipomsimulia mjomba kisa hiki alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo huyo walimpeleka kama mbuzi?" Nikasema karibu hivyo. "Na Chama alienda mwenyewe?" Mwenyewe. Hakuongeza kitu, ila nilimwona anafikiri.

Katikati ya Julai nikaenda Kasulu. Shule niliyopangiwa ina kidato cha pili chenye mikondo mitatu, na kwenye mkondo wangu vijana wawili wa dawati moja walikuwa hawaongei kwa sababu ya Chama. Walikuwa wanatumia kitabu kimoja cha Uraia, wamekigawa: huyu anasoma Jumatatu na Jumatano, yule siku nyingine. Mwalimu mwenyeji akaniambia, "Mwalimu, hao waache, watapatana wenyewe." Sikuwaacha. Kipindi cha Kiswahili kilikuwa cha uandishi wa habari, nikatupa andalio la somo nililotayarisha, nikaandika ubaoni sentensi ya aina ile iliyomponza mjomba: "Kwa mujibu wa vyanzo vya uhakika, mchezaji huyo amekubali kubaki." Nikawauliza, kasema nani?

Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma akasema, "Ticha, hakuna aliyesema." Tukaenda hivyo nusu saa. Amekubali kwa mdomo au kwa saini? Chanzo kitapata nini tukiamini? Klabu yenyewe imetamka? Maana klabu zetu siku hizi zikimwacha mtu zinamtolea bango la "thenkyu", na zikimpata zinamtolea picha na jezi. Kabla ya hapo yote ni mazungumzo. Wale vijana wawili walikuwa wa kwanza kunyoosha mikono, kila mmoja akitafuta kosa kwenye tetesi za timu ya mwenzake. Sikuona wakipatana siku ile. Ila niliona kitabu kiko katikati ya dawati.

Yale maswali niliyapeleka na Kibondo, kijiweni, Septemba nikiwa narudi. Pale hayakufua dafu. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba nikiondoa tetesi, wao kuanzia Juni mpaka Agosti watazungumza nini, bei ya mbolea? Walicheka, nami nikacheka. Ana hoja. Tetesi ni nusu ya utamu wa usajili, na sioni kosa mtu kukaa na kahawa akabuni kikosi cha ndotoni. Kosa naliona pale gunia linapotoka ndani.

Mwaka 2025 Chama akaondoka Yanga kwenda Singida Black Stars. Mjomba alinipigia simu usiku, mtandao unakatakata. Aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia klabu yenyewe imetangaza. Akauliza kama nimeona tangazo lenyewe au nimesikia. Nikafungua simu nikalisoma, neno kwa neno, naye upande wa pili nikamsikia anamwambia mke wake, "Basi si tetesi." Mke wake akauliza kama wamewekeana dau tena. Simu ikakatika kabla sijasikia jibu.