Pareto: Ua, Molekuli na Mlango wa Neva

Mkulima wa pareto, awe wa nyanda za juu za Iringa au wa Molo nchini Kenya, ajua kwamba unga wa maua yake humwangusha nzi kwa muda mfupi mno. Lakini dawa iliyokamuliwa humo, ikipakwa mahali penye jua, nguvu zake hutoweka upesi. Sababu ya hayo yote mawili imo katika umbo la molekuli.

Sumu ya pareto huitwa piretrini. Mwaka 1924 Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walitangaza kuwa ni esta, yaani muungano wa asidi na alkoholi. (Sehemu ya alkoholi waliikosea kidogo, ikaja kusahihishwa baadaye.) Asidi yake ina jambo la kustaajabisha: atomi tatu za kaboni zimeshikana zikafanya pete ya pembetatu. Mwanafunzi aliyezoea pembe za nyuzi 109.5 za kaboni na aichore, ataona jinsi pembe za nyuzi 60 zilivyobanwa.

Hata hivyo udhaifu wa piretrini mbele ya jua hauko katika pete hiyo. Uko katika mikia ya molekuli, ambamo mna vifungo maradufu baina ya kaboni na kaboni. Mwanga na oksijeni ya hewa huvishambulia hivyo kwanza. Kwa hiyo Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, waliibakiza pete, wakaondoa vikundi viwili vya methili mkiani mwa asidi na kutia klorini mahali pake. Alkoholi nayo waliibadilisha kwa nyingine yenye pete mbili za benzini zilizounganishwa kwa oksijeni. Mwaka 1973 wakaitangaza permetrini, ambayo umbo lake kwa jumla lafanana na la piretrini, ila yastahimili jua. Dawa za jamii hiyo ndizo zilizotiwa katika vyandarua vya mbu.

Kazi yake ni hii. Neva hupeleka habari kwa kufungua na kufunga milango midogo ya protini inayopitisha ayoni za sodiamu. Molekuli ya permetrini hujipachika penye mlango na kuuzuia usifunge. Neva hupiga mfululizo, mdudu akaanguka. Binadamu anavyo vimeng'enya vinavyokata upesi kifungo cha esta, na sumu ikaisha makali. Samaki ni hafifu sana kwa kazi hiyo. Basi chandarua chenye dawa hakifai kufuliwa mtoni, sembuse kuvulia dagaa, jambo ambalo limeonekana mara nyingi katika maziwa yetu.

Mbu naye amepata njia. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba katika baadhi ya mbu wa Kenya asidi-amino moja tu ya mlango ule, iliyo mahali pa 1014, imebadilika: palipokuwa na leusini pana serini. Badiliko hilo huupunguzia mlango wepesi wa kudhuriwa na sumu. Tena DDT, ingawa muundo wake ni mwingine kabisa na wala si esta, huulenga mlango uo huo. Kwa hiyo mbu huyo huistahimili pia.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vilivyoongezwa klorofenapiri. Dawa hiyo haiugusi mlango wa sodiamu: huvuruga mitokondria, mahali ambapo seli ya mbu hujitengenezea nishati.